Siku Moja Shamian: Mwongozo kwa Aliyekwenda Guangzhou Kufuata Mzigo

Safari zangu tatu za kwanza Guangzhou sikuuona mji. Niliona Xiaobei, mtaa wa Waafrika, niliona masoko ya nguo, niliona godauni la ajenti, nikapanda ndege kurudi. Safari ya nne kiwanda kilichelewesha oda yangu kwa siku mbili, na dada mmoja wa ofisini kwa ajenti, aliyechoka kuniona nimekaa na simu mkononi, akaniandikia herufi mbili kwenye karatasi: 沙面. Shamian. Akasema, nenda kapunge upepo.

Nilichokikuta ni kisiwa chenye urefu wa mita 900 hivi na upana wa mita 300, kimejaa nyumba za Kizungu za zaidi ya miaka mia, chini ya miti mikubwa, katikati ya jiji ambalo kwingine kote ni majengo marefu na makelele. Tangu siku hiyo kila mwenzangu anayekwenda huwa namwelekeza, na kwa kuwa maswali ni yale yale, nimeona niandike yote mahali pamoja.

Kabla hujatoka hotelini

Pasipoti halisi iwe mfukoni. Kivuli hakitoshi. Polisi wana haki ya kumtaka mgeni aionyeshe, na kwa sisi Waafrika, hasa tukiwa maeneo ya Xiaobei, kuombwa ni jambo la kawaida. Usilichukulie kama ugomvi. Toa, onyesha, endelea na safari yako.

Pesa: sakinisha Alipay au WeChat, programu za kulipia kwa simu, ukiwa bado nyumbani, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard, na uiarifu benki yako kwamba utakuwa China. Malipo yaliyo chini ya yuan 200 hayana makato kwa kadi za kigeni kwenye Alipay, na matumizi ya siku nzima Shamian ni ya hapo: maji, chai, nauli. Noti za karatasi bado ni halali, ila muuza maji atahangaika kutafuta chenji.

Ramani ndiyo inayowaangusha wengi. Google haifunguki kwa intaneti ya China, na hata ukiipata kwa laini yako ya nyumbani yenye roming, alama zake huwa zinahama kidogo. Inaweza kukuweka ng'ambo ya mto wakati umesimama ng'ambo hii. Tumia Amap, ambayo Wachina wanaiita Gaode. Na beba chaja ya mkononi. Mimi simu ilinizimikia katikati ya kisiwa: pochi ina dola, simu imekufa, koo limekauka, na sina namna ya kununua chupa ya maji. Baadaye ndipo nikaja kujua kwamba yale masanduku ya chaja yaliyopangwa kwenye mikahawa ni ya kukodi. Lakini ili ukodi, lazima simu iwe inawaka.

Majira yana maana. Aprili hadi Juni ni mvua na jasho, Julai hadi Septemba kuna vimbunga. Oktoba hadi Desemba ndiyo raha yenyewe, ingawa maonyesho makubwa ya biashara ya Aprili na Oktoba hupandisha bei za hoteli mji mzima.

Namna ya kufika

Ukiwa Xiaobei, panda metro namba 5 vituo viwili mpaka Ouzhuang, badilisha uingie namba 6 inayoelekea Xunfenggang. Utapita Yide Lu, ambako wengi wetu tunakujua kwa mapambo na vifaa vya watoto. Kituo kinachofuata ni Wenhua Gongyuan, kinachofuata tena ni Huangsha. Vyote viwili viko jirani na kisiwa. Nauli inaanzia yuan 2, tiketi ni kiduara cha plastiki kama kifungo cha koti, na begi lako litapitishwa kwenye mashine kabla hujaingia.

Vitabu vingi vya watalii vitakuambia ushuke Huangsha, uvuke barabara, uingie. Usifanye hivyo. Shuka Wenhua Gongyuan, na ufike mapema, saa mbili asubuhi au kabla.

Anzia sokoni, usianzie kisiwani

Sababu ni hii. Dakika chache kutoka kituoni kuna barabara iitwayo Shisanhang Lu. Mfanyabiashara wa nguo za kike hahitaji kuelezwa. Ndiyo soko lile la jumla ambako alfajiri mabunda yanarushwa toka ghorofani, mikokoteni inakupigia honi kwa mdomo, na mchana kila kitu kimefungwa. Shisanhang maana yake ni "nyumba kumi na tatu za biashara." Zilikuwa nyumba kweli.

Kuanzia 1757 hadi 1842, mzungu aliyetaka chai, hariri au vyombo vya kaure alikuwa na bandari moja tu ya kununulia katika China nzima, nayo ni hii. Hakuruhusiwa kuingia ndani ya kuta za mji. Hakuruhusiwa kuleta mkewe. Alipanga kwenye jengo la ukingoni mwa mto, alinunua kupitia wafanyabiashara wa Kichina waliopewa kibali na serikali, na msimu ukiisha alitakiwa kuondoka, kwa kawaida kwenda Macao. Ukisimama hapo na begi lako la sampuli, viza yako ya siku thelathini na ajenti wako anayekutafsiria, utajikuta unatabasamu.

Waingereza walichoka kulipia chai kwa fedha, wakaleta afyuni kutoka India. China ilipokataa, vita. Vita vya pili vilianza 1856, na Desemba mwaka huo nyumba zile kumi na tatu ziliteketea kwa moto. Afyuni kwa Kiswahili cha zamani ni kasumba. Ndilo neno hilo hilo tunalolitumia tukisema mtu ana kasumba ya kikoloni. Sijui lugha nyingine iliyofunga habari yote ya Guangzhou katika neno moja namna hii.

Baada ya kushinda, Waingereza na Wafaransa hawakutaka tena kujenga palepale penye majivu. Walidai fungu la mchanga lililokuwa mtoni pembeni kidogo, na jina Shamian lenyewe lina maana ya uso wa mchanga. Likajazwa, likazungushiwa kuta za mawe ya graniti, na upande wa kaskazini ukachimbwa mfereji wa kulitenga na mji. Mwaka 1861 likagawiwa: Mwingereza sehemu nne kwa tano, upande wa magharibi, Mfaransa moja iliyobaki, mashariki. Humo ndani sheria ilikuwa yao, polisi wao, mahakama zao. Wazanzibari wa karne ya 19 wangelielewa jambo hilo bila mkalimani, maana hata kwao mzungu akishitakiwa kesi ilikwenda kwa konseli wake.

Sasa tembea kuelekea mtoni.

Vuka kwa daraja la Wafaransa

Utafika Liuersan Lu, barabara yenye magari mengi na nyingine imepita juu yake kwa nguzo. Vuka kwa utaratibu, kisha usiingie haraka. Simama ukingoni mwa mfereji.

Ni mwembamba. Mtoto mwenye mkono mzuri anaweza kurusha jiwe likatua ng'ambo. Huu ndio uliokuwa mpaka kati ya China na Ulaya, na kulikuwa na madaraja mawili tu, la Waingereza na la Wafaransa, yenye milango iliyofungwa usiku. Mchina aliyeingia aliingia kwa kazi: mpishi, yaya, karani, mbeba mizigo.

Mwaka 1924, usiku wa tarehe 19 Juni, kijana wa Kivietinamu aitwaye Pham Hong Thai alitupa bomu kwenye karamu ya Gavana Mkuu wa Kifaransa wa Indochina, Martial Merlin, hapo Shamian. Gavana alinusurika, wengine wakafa. Kijana alikimbia, akajitosa mtoni, akazama. Kaburi lake liko Huanghuagang, mjini huko huko. Baada ya hapo wenye kisiwa wakatoa amri kwamba kila Mchina awe na pasi yenye picha ndipo aingie. Wafanyakazi wa Kichina wakagoma, wakaondoka wote, na mabwana wakaachwa na vyombo vyao vichafu. Msomaji wa Kenya anayekumbuka habari za kipande, ile pasi ya enzi za mkoloni, hahitaji maelezo zaidi.

Vuka sasa. Hakuna kiingilio, hakuna lango, hakuna saa ya kufunga.

Ndani ya kisiwa: mitaa mitatu, basi

Mpangilio ni mwepesi, huwezi kupotea. Mitaa mirefu ni mitatu: Beijie upande wa mfereji, Dajie katikati, Nanjie upande wa mto. Vichochoro vitano vinaikata, vimepewa namba. Mimi huingia mashariki, nikaufuata Dajie mpaka magharibi, nikarudi kwa Nanjie, nikatokea Beijie. Ukitembea bila pupa ni mwendo wa saa tatu.

Jengo la kwanza la kusimamia ni kanisa la Kikatoliki la Bikira Maria wa Lourdes, lililojengwa na Wafaransa na kukamilika 1892. Ni dogo kuliko unavyolitarajia, lina mnara mmoja wenye ncha, na bado lina misa. Ratiba hubandikwa nje. Kanisa la Waanglikana, la 1865, liko upande wa pili wa kisiwa, kusini magharibi. Umbali kati ya makanisa hayo mawili unakuonyesha vizuri jinsi majirani hawa walivyopenda kukaa pamoja.

Halafu tembea polepole na utazame nyumba zenyewe. Usikimbilie kusoma vibao. Anza na macho. Ghorofa ya chini imenyanyuliwa, unapanda ngazi kabla ya mlango, kwa sababu mto ulikuwa ukiingia ndani. Mafuriko ya 1915 yaliifunika sehemu kubwa ya mji. Mbele kuna veranda ndefu zenye matao, ghorofa juu ya ghorofa, na nyuma yake madirisha marefu yenye mbao za luva. Nyumba ya namna hii haikuzaliwa Uingereza wala Ufaransa, ambako jua ni la kutafutwa. Ni nyumba ya mzungu aliyehamia joto, aliyejifunza India na kwingineko kwamba kivuli ndiyo chumba cha kwanza cha nyumba. Aliyekulia karibu na Forodhani au Mombasa ya zamani ataona kitu anachokijua, ila bila baraza ya kukaa watu nje. Hapa aliyepita njia hakutakiwa kuketi.

Ukitaka kujifunza kutofautisha, chukua majengo mawili. La kwanza liwe lile la benki ya HSBC ya zamani, namba 54 Dajie, la 1920: nguzo nzito, mawe, kuba ndogo kwenye kona, kila kitu kinasema "pesa yako iko salama." La pili liwe nyumba yoyote ya makazi yenye veranda zilizozibwa kwa matofali au vioo. Baada ya 1949 nyumba nyingi zilipewa ofisi za serikali na familia, familia kadhaa ndani ya jengo moja, na veranda ikageuka jiko au chumba cha watoto. Watalii wengi huyapita majengo hayo kwa kuwa hayapendezi kwenye picha. Mimi nayapenda kuliko benki.

Utajiuliza kwa nini karibu hakuna jengo la miaka ya 1860. Jibu moja ni Septemba 1883. Mlinzi wa meli moja, Mreno, alimsukumia Mchina majini, akafa; umati ukavuka mfereji na kuchoma nyumba zaidi ya kumi. Sehemu kubwa ya unachokiona ilijengwa baada ya hapo, na tangu 1996 majengo ya kisiwa yamo kwenye orodha ya taifa ya urithi unaolindwa. Ndiyo maana hata rangi hazibadilishwi ovyo.

Kisha inua macho kwenye miti. Ile yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu ni jamii ya mikuyu. Ile yenye gome lililopasukapasuka kama udongo wa kiangazi ni mikafuri. Mingi ina kibao kidogo chenye namba, maana imesajiliwa kama wazee wa mji. Okota jani la mkafuri lililoanguka, likunje katikati, lisugue kwa kidole gumba, ulinuse. Utashtuka, maana harufu hiyo tunaijua kwa kumkafini marehemu, na hapa mabibi wanafanya mazoezi ya viungo chini yake wakicheka.

Kuhusu picha: Jumamosi na Jumapili utapanga foleni. Kila pembe ina bibi harusi mwenye gauni jeupe linaloburuza, mpigapicha anapiga kelele, na msaidizi ameshika karatasi ya kurudisha mwanga. Nenda siku ya kazi asubuhi. Sanamu za shaba zilizotapakaa njiani, za watoto, wanawake na watu wa zamani, hazina ulinzi wowote. Watu hukaa nazo wakapigwa picha, na nyingine zimeng'aa kichwani kwa kushikwa.

White Swan: ingia tu

Upande wa mto kuna jengo moja refu lisilofanana na jirani yeyote, ghorofa 34. Ni hoteli ya White Swan. Wengi wetu tukiona hoteli ya nyota tano tunageuza njia. Usigeuze.

Ilifunguliwa 1983, kwa mtaji wa tajiri wa Hong Kong, Huo Yingdong, wakati China ndiyo kwanza inafungua milango kwa mitaji ya nje. Hoteli za wageni za wakati ule hazikumruhusu Mchina wa kawaida kuingia. Hii ilimruhusu. Watu walikuja kwa maelfu kuangalia tu: ukumbi wenye bustani ndani, maporomoko ya maji yanayoshuka toka juu kwenye mawe, maandishi yasemayo "maji ya nyumbani." Kwa kisiwa ambacho Mchina wa zamani alikiingia kwa kazi tu, hilo halikuwa jambo dogo. Malkia Elizabeth wa Pili alifika 1986. Baadaye, kwa miaka mingi, ilijaa Wamarekani waliokuja kuchukua watoto wa kulea, kwa kuwa ubalozi mdogo wa Marekani ulikuwa jirani mpaka ulipohama 2013.

Maporomoko bado yapo. Ingia, kaa, tazama mto kupitia vioo. Vyoo ni safi na ni bure, taarifa ambayo mwongozo wowote wa kweli lazima uwe nayo.

Toka kwa upande wa Qingping

Rudi kaskazini kwa vichochoro mpaka Beijie. Hoteli iitwayo Shengli, yaani Ushindi, ndiyo iliyokuwa Victoria, ile ya bomu la 1924. Kubadilisha jina la malkia likawa ushindi, nadhani kuna mtu alicheka siku hiyo.

Vuka mfereji kurudi mjini, usome jina la barabara kwa mara ya pili. Liuersan: liu ni sita, er ni mbili, san ni tatu. Tarehe 23 mwezi wa 6, mwaka 1925, wafanyakazi, wanafunzi na makuruta wa chuo cha kijeshi waliandamana kwenye ukingo huu wakiunga mkono mgomo dhidi ya Waingereza. Risasi zilitoka ng'ambo, Shamian. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mgomo huo uliendelea mpaka Oktoba 1926. Ukumbusho wao uko hapo kando ya barabara, magari yanapita, watu wanasubiri taa. Nilishapita mara mbili bila kuuona. Ukisimama hapo ukatazama veranda za ng'ambo kati ya matawi, utaelewa kwa nini nilikuambia uanzie nje.

Mbele yako ni Qingping, soko la dawa za asili. Magunia ya uyoga mkavu, mizizi ya ginseng, farasi wa baharini waliokaushwa, maganda ya machungwa ya zamani. Tazama, nusa, uliza bei. Lakini usinunue chochote kinachotokana na mnyama usiyemjua, na ukiletewa kwa siri meno ya tembo au magamba ya kakakuona, ondoka. Forodha za huko na za kwetu hazina mzaha na hilo.

Kula, na kusali

Kisiwani chakula ni ghali na cha kitalii. Nenda Shangxiajiu, mtaa wa waenda kwa miguu, mwendo wa dakika kumi na tano. Kwenye Dishifu Lu kuna duka la zamani liitwalo Nanxin, linalouza shuangpinai, maziwa ya nyati wa Kichina yaliyogandishwa laini yenye utando juu. Yale ya moto, si ya baridi. Vibanda vya chai chungu ya mitishamba, liangcha, viko kila kona. Mwarobaini umeuzoea? Basi utaiweza. Kama hukuuzoea, agiza kikombe kidogo.

Kwa asiyekula nguruwe: huku anaingia hata kwenye mboga na mchuzi. Tafuta herufi 清真, yaani halali, ambazo maduka ya tambi za Lanzhou huziweka juu ya mlango. Na ukitaka Ijumaa yako isipotee, kutoka Huangsha panda metro namba 1 vituo vitatu mpaka Ximenkou. Karibu na hapo, Guangta Lu, upo msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China, wenye mnara mweupe wa mita 36 usiofanana na wowote ulioupata kuuona. Mabaharia walikuja kusali hapa karne nyingi kabla ya mzungu wa kwanza kupanga chumba Shisanhang.

Jioni

Kama bado una miguu, rudi kwenye gati la Huangsha jua linapoanza kuzama, panda kivuko cha abiria cha kwenda Fangcun. Nauli ni yuan chache. Mzoefu wa Kigamboni au Likoni atajua pa kusimama: pembeni, upande wa kushoto, ili kisiwa kikae mbele yake. Kutoka majini unaona kwanza miti, halafu ile hoteli ndefu, na nyumba za matao ni kama zimejificha nyuma ya majani. Safari ni fupi mno. Nami huwa navuka, nageuza, navuka tena.

Upande wa Fangcun kuna kituo cha metro namba 1. Treni za mwisho ni kama saa tano usiku, na saa za huko zimetangulia zetu kwa saa tano, kwa hiyo ukimpigia mama nyumbani kumweleza ulichokiona, utamkuta ndiyo kwanza anawasha jiko la jioni.